Huduma ya mkoba ya uzazi wa mpango, Ngamiani Tanga: kuwekewa kijiti rahisi, kukitoa ndiyo kazi

Kila nikikaa kwenye cherehani naulizwa maswali yale yale kuhusu huu mkoba wa uzazi wa mpango unaokuja mtaani kwetu. Ni bure kweli? Unauma? Wanatunza siri? Mume akijua itakuwaje? Basi naandika hapa, anayetaka asome, aniache nimalize nguo za watu.

Mie ni fundi cherehani, Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba. Nina watoto watatu. Huduma nimeitumia kwa mwili wangu mwenyewe, na nilikuwepo kwenye mkutano wa mtaa uliogombana mpaka ikapangwa upya. Hakuna aliyenilipa niisifie wala aliyenituma niiponde.

Kwa asiyeijua, huduma ya mkoba ni ile ambayo wahudumu wanabeba vifaa vyao na kukufuata ulipo, badala ya wewe kuwafuata kituoni. Wengi tumeizoea kwenye chanjo za watoto. Huu wa kwetu unakuja na manesi wa zahanati pamoja na wenzao wa shirika moja, hema, kitanda cha kukunja, beseni za maji ya klorini na masanduku ya vifaa. Wanatoa ushauri, vidonge, sindano, vijiti vya kuwekwa chini ya ngozi ya mkono, vitanzi vya kuwekwa ndani ya kizazi, na kondomu. Anayetaka kupima VVU anapimwa, na kuna kipimo cha dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, kile cha kupaka siki, ambacho hakizidi dakika chache na majibu unaondoka nayo. Hulipi chochote, na hata ukienda kituo cha serikali njia za uzazi wa mpango ni bure.

Nyota nimewapa nne kwa siku yenyewe ya huduma, na moja na nusu kwa yanayofuata gari likishaondoka. Wastani pigeni wenyewe.

Tuanze na pahala, maana pahala ndipo palipoharibu na ndipo palipotengeneza.

Walipokuja mwanzo walitega hema uwanjani, hatua chache kutoka kijiwe cha kahawa. Nani alichagua pale sijui, ila hakuwa mwanamke, hilo naapa. Kijiweni wamejaa wazee wa bao na vijana wa bodaboda wanaongoja abiria, na kila anayeinama kuingia hemani anahesabiwa: yule mke wa fulani, yule si juzi tu kaolewa? Siku yenyewe Ijumaa, saa tano, watu wanajiandaa na swala na wanawake wako jikoni. Kana kwamba hayo hayatoshi, asubuhi ilipita bajaji na kipaza sauti ikiwaita akina mama wote waje kupanga uzazi. Bajaji inapita, mama mkwe kakaa barazani, anasikia vizuri kabisa, anageuza shingo taratibu anakutazama. Waliokwenda walikuwa wachache, tena wengi wao wale ambao mkwe yuko mbali.

Kwenye mkutano wa mtaa uliofuata tukasomewa kwamba taarifa iliyokwenda juu inasema mwamko wa jamii ni mdogo. Palichafuka. Mama mmoja anayechukua samaki soko la Deep Sea akasimama, bado ana ndoo yake, akasema: "Mwamko tunao. Nyie ndio mmetuanika kama dagaa." Mwenyekiti akajaribu kutuliza, akashindwa, akaamua kuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya hema kununuliwa: haya, nyie mnataka iweje?

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na niseme ukweli, tulikaa mpaka magharibi ikaingia. Ijumaa ikafutwa bila ubishi, ikawekwa Jumanne. Saa ndiyo iliyosumbua. Wauza samaki na wauza mboga asubuhi hawapo, wapo sokoni. Wenye watoto shule wanataka wamalize kabla watoto hawajarudi. Manesi nao wana saa zao, saa tisa na nusu mtumishi wa serikali anafunga meza. Mwisho tukakubaliana waanze saa sita, wabaki mpaka saa kumi, na kwa hiyo nusu saa ya ziada sie wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tutawapikia. Wali wa nazi na samaki, wanakula zamu kwa zamu, foleni haisimami. Mchele unatoka kwenye mfuko wetu wa jamii wa kikoba. Nalisema hili wazi kwa sababu kwenye picha zinazopigwa siku ile sinia huwa halionekani.

Hema tukalihamishia uani kwa mwenzetu mmoja wa kikoba. Nyumba yake ina ua mkubwa wa nyuma na mlango mwingine wa uchochoroni. Pale watu wanaingia na kutoka wiki nzima: wengine wanakuja kusukwa, wengine kuleta hisa zao, watoto wanafuata barafu za ukwaju. Ukipita na kitenge chako begani hakuna atakayejua umefuata barafu au umefuata kijiti. Bajaji ya matangazo tukaipiga marufuku. Habari inapita kwa msusi, kwa muuza chapati, kwenye cherehani yangu, na kwa wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao nitawasema huko chini.

Jumanne ya kwanza ya mpango mpya watu walijaa uani hadi wengine wakakaa kwenye vinu na ndoo. Na hao ndio wale wale walioandikwa hawana mwamko.

Sasa huduma yenyewe. Nesi aliyenipokea alianza na kisanduku. Akakifungua, akatoa njia zote moja moja, akaniwekea kiganjani nizishike. Kitanzi nilikuwa sijawahi kukiona. Ni kidude kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya wa shaba, na kinakaa miaka kumi na zaidi. Shoga yangu aliyekaa pembeni, kwa jina lile la kitanzi, alikuwa akidhani ni duara la ukubwa wa bangili. Alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akauliza maswali ya maana ambayo asingeyauliza kama kidude chenyewe kingebaki sandukuni. Vijiti viko vya aina mbili: kimoja peke yake cha miaka mitatu, na viwili vinavyowekwa pamoja vya miaka mitano.

Kwenye sindano alikaa muda mrefu, na nikampenda kwa hilo. Alisema inachomwa kila baada ya miezi mitatu, na kwamba ukiiacha uzazi haurudi siku ile ile. Wengine wanasubiri miezi mingi, wengine karibu mwaka. Kijiti na kitanzi ukitoa, uzazi unarudi upesi. Miaka niliyokuwa nachoma sindano hakuna aliyewahi kuniambia. Ujue kuna ndoa zimeyumba mjini hapa kwa jambo hilo dogo: mwanamke kaacha sindano, anataka mtoto, mimba haiji, upande wa mume wanaanza kunong'ona, mwenyewe anaanza kutafuta mganga. Na lilikuwa jambo la kuelezwa kwa sentensi mbili tu.

Akaniuliza hedhi ya mwisho lini, nanyonyesha au la, presha ninayo, kuna dawa ninayomeza kila siku. Akataja kifafa na TB kwa majina, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinapunguza nguvu ya kijiti. Halafu ndiyo akauliza swali lililowapa nyota ya nne: "Kazini unatumia mkono gani, dada?"

Mie ni mtu wa shoto. Kijiti huwekwa mkono ambao huutumii sana, na kwa kuwa watu wengi ni wa kulia, mhudumu mwenye haraka anapachika wa kushoto bila kuuliza. Kwangu huo ndio mkono wa mkasi. Nikamwambia, akabadilisha upande. Akapaka dawa, akachoma ganzi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Ganzi ndiyo inayochoma, kijiti chenyewe ni kama hakipo. Unahisi kusukumwa tu. Kisha akachukua kidole changu mwenyewe akakiweka pale: "Kishike." Nikakihisi chini ya ngozi, chembamba, kigumu kidogo, kinateleza ukikigusa. Akasema lazima kila mwanamke akiguse kabla hajashuka kitandani, ili siku ya siku asiambiwe hakikuwekwa. Bandeji ya kubana siku moja, plasta siku chache, pasilowe. Kesho yake nilikuwa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali.

Nikapewa kadi. Imeandikwa aina ya kijiti, tarehe ya kuwekwa, tarehe ya kutoa. Chini yake kuna mstari wa namba ya simu ya kupiga ukipata tatizo. Mstari huo uliachwa mtupu. Kwa siku ile sikuutilia maanani sana, nilikuwa nawaza wali.

Kasoro ya siku yenyewe ni faragha ya sauti. Pazia ni khanga mbili zilizobanwa kwa vibanio vya nguo. Macho zinakinga, masikio hazikingi. Ukikaa benchi la mbele unajua nani ana uchafu ukeni na nani mumewe kasafiri tangu lini. Tuliwaambia. Suluhisho lilitoka kwa mwenye nyumba, akaleta redio yake akaiweka katikati ya benchi na hema, taarabu sauti ya kutosha. Tangu hapo hasikiki mtu. Kingine ni kwamba kuna siku wamekuja na vijiti tu, vitanzi vimekwisha, sindano zimekwisha, na bado wanasema chagua unayoitaka. Kwenye kimoja hakuna kuchagua. Waseme mapema kilichopo, tupange nani aje.

Suala la dini, maana Tanga ni Tanga. Sheikh wetu wa mtaani alifuatwa kabla ya mpango mpya kuanza, na wazo hilo lilikuwa la wanawake, si la zahanati. Akalizungumza kwenye darasa baada ya alasiri. Alisema masahaba walifanya azl, yaani mume kumwaga nje, wakati Qur'ani inaendelea kushuka na hawakukatazwa, na akataja ile aya ya 233 ya sura Al-Baqara, mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, kwamba kupumzika kati ya mtoto na mtoto si jambo la kigeni kwetu. Ila kufunga kizazi moja kwa moja bila sababu ya kiafya hakukubaliana nako, akasema hivyo mbele ya nesi. Nesi hakubisha. Akajibu kwamba uani hafungwi mtu, hayo ni mambo ya hospitali na daktari, na anayeyataka ataelekezwa. Yakaisha pale, kila mmoja na heshima yake. Jirani yangu Mkatoliki naye hakutaka njia yoyote ya dawa. Akafundishwa kuhesabu siku zake, hakuna aliyemkunjia uso.

Sasa la kazi yangu, ambalo wataalamu hawalijui. Mie nina daftari la vipimo. Kifua, kiuno, nyonga, mkono, kwa kila mteja na tarehe yake. Mwanamke aliyenenepa baada ya kuanza sindano namjua kabla ya nesi, maana gauni la Idi iliyopita linarudi kufumuliwa mishono. Na haki iseme, wako pia waliochoma miaka na kiuno hakijasogea hata inchi. Hivyo anayekwambia sindano inanenepesha wote anasema uongo, na anayekwambia hainenepeshi mtu naye asije kwangu na hoja hiyo.

Akina mama wakiwa wanapimwa wanasema. Kwa nesi mtu anaona haya, kwa fundi amekwishavua. Swali linalonijia kuliko yote ni la hedhi kukata. Wanaamini damu inajikusanya tumboni na siku moja itakuwa uvimbe. Nilimuuliza nesi kwa niaba yao wote. Akaeleza kwamba dawa inafanya ule utando wa ndani ya kizazi usijenge mnene kila mwezi, kwa hiyo hakuna kinachobomoka kutoka. Si kwamba kuna kitu kimezuiwa ndani. Maelezo hayo sasa nayatoa mie, sentimita shingoni, bila posho. Ningeomba mafundi, wasusi na wauza chapati tupewe japo karatasi moja ya majibu sahihi, kwa sababu tunaulizwa sie kwanza, na tusipojua tunabuni.

Hiyo nyota moja na nusu sasa.

Shoga yangu muuza chapati aliwekewa kijiti siku moja na wenzake. Akapata matone ya damu, si mengi, lakini hayakatiki. Nesi alikuwa ametuambia hilo linaweza kutokea, kwa hiyo hakushtuka; alivumilia. Ila mwanamke anayeswali na matone yasiyokoma ana shida ambayo huwezi kumwambia azoee. Akaamua kitoke. Mkoba umeshaondoka, kurudi kwake ni baada ya miezi. Akaenda kwenye zahanati moja hapa mjini, siitaji. Akaambiwa anayejua kutoa yuko semina. Akarudi, akaambiwa kaa nacho kidogo, kitazoea. Akarudi tena, akaambiwa hakuna vifaa. Akahamia kituo kingine, huko akaombwa hela ya wembe na glavu, kwa kazi ambayo ni bure sawasawa na kuwekewa. Mwisho alikwenda kwa mtu binafsi akalipa faida ya chapati za wiki nzima.

Kijiti kuwa cha miaka mitatu maana yake kinafanya kazi miaka mitatu. Hakuna aliyehukumiwa kukaa nacho. Nesi wa mkoba mwenyewe alitwambia uani, kwa maneno yake, kwamba siku yoyote ukitaka kitoke kinatoka na huulizwi sababu. Kasema kweli. Ila aliyesema hayo kapanda gari, na aliyebaki mtaani hajafundishwa kutoa. Wenyeji mnaujua usemi wetu, Tanga waja leo waondoka leo. Tunamtania nao mgeni. Kwa kijiti haufai.

Na mjue habari ya shoga yangu ilifika mbali kuliko bajaji yoyote ya matangazo. Kabla jua halijazama ilikuwa imeshazunguka barabara zote, na kila inapopita imeongezwa: wanakupachika hawakutoi, ni mradi wa watu, kuna namba wanayoitafuta. Waliokuwa wamejiandaa kwenda Jumanne ya mbele wakaahirisha. Ule utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2022 unasema katika kila wanawake 100 walio kwenye ndoa 31 wanatumia njia za kisasa, na 21 wanataka kupumzika au kuacha kuzaa lakini hawatumii njia yoyote. Nikisomewa hesabu hiyo sifikirii watu wasioelimika. Namfikiria mwenzangu wa chapati, aliyekuwa kwenye wale 31 kwa hiari yake na akasukumwa akaingia kwenye wale 21.

Jambo hili tumelipeleka kwenye mkutano wa mtaa, mezani, kwa maandishi. Tuliomba kitu kimoja: zahanati iwe na mtu anayejua kutoa, na siku yake ya wiki ijulikane. Jibu: "Tumelipokea." Bado liko huko lilikopokelewa.

Hapa ndipo ninapoona tofauti yote. Siku, saa, ua, redio, sheikh, sinia la wali: tuliamua sie na vimekwenda vizuri. Nani afundishwe, vifaa gani viagizwe, siku gani mtoa vijiti awepo: wanaamua wao, na ndiko kunakovuja. Kijana wetu mmoja wa afya ya jamii, msomaji sana, alitusomea kutoka kwenye makabrasha ya mafunzo yake kwamba tangu mkutano wa afya wa Alma-Ata mwaka 1978 mataifa yalikubaliana wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kupanga kumetajwa kwanza. Sie kwenye kutekeleza hatukosekani: tunapika, tunaalika, tunabeba beseni. Kwenye kupanga tunaitwa kusikiliza kilichopangwa.

Ipo kamati ya usimamizi wa kituo, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Wa kwetu ni mzee mstaafu, mtu mwema asiye na makuu, ila kijiti hakijui na haoni vizuri kumuuliza mwanamke habari za kijiti. Lipo sanduku la maoni ukutani, lina kufuli, na ufunguo anao yule yule unayetaka kumlalamikia. Nafasi za kamati zikitangazwa tena nataka wanawake wa kikoba tujaze fomu, wawili watatu kwa pamoja, si mmoja wa kuwekwa pambo.

Mama yangu anakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, wakati huo akiwa msichana kwenye kambi ya mkonge huko Muheza. Redio moja, watu wamekaa kikundi, kipindi kikiisha wanajadili, halafu wanachimba vyoo. Namuuliza mlishirikishwa vipi, ananishangaa. Anasema choo kama hakijachimbwa kila mtu anaona, hakuna wa kumwambia tumelipokea.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nawapa nyota zao tofauti, tano zote. Mpango wao mkubwa ulizinduliwa Januari 2024, unalenga watu 137,294 nchi nzima, wawili kila mtaa na kila kitongoji. Wetu ni dada mmoja na kijana mmoja. Yule dada alikuwa akifanya kazi hii miaka ya nyuma kwa fulana na asante. Anajua nyumba ipi ina mzazi mpya, ipi ina mtu wa dawa, ipi usigonge mume akiwepo. Shoga yangu alipokuwa akizungushwa, ni yeye aliyemsindikiza huko kote na kumwekea mkono begani. Asingekuwepo, maneno yangekuwa mabaya zaidi ya yale.

Yule kijana kazi yake iko kijiweni. Jioni anakaa na wanaume, kahawa na kashata, na anasema swali lao kubwa ni kama kijiti kinamwondolea mke hamu. Anawajibu, wanabisha, wanaagiza kahawa nyingine. Uani wanaume hawaji, isipokuwa boksi la kondomu linalowekwa pale mlango wa uchochoroni huwa tupu kabla ya saa nane, kwa hiyo msiseme hawashiriki. Mabinti ndio hatujawatendea haki kabisa. Hakuna msichana wa miaka 18 atakayekaa benchi moja na shangazi yake na mama wa rafiki yake. Watengewe saa yao, au ua mwingine, na wao ndio waseme upi.

Kwa anayetaka kwenda: muulizeni yule dada tarehe. Kuleni kwanza, foleni ni ndefu na wali ule ni wa manesi. Beba kadi ya zamani kama unayo, na kama kuna dawa unameza kila siku nenda na pakiti yake. Blauzi iwe ya mikono mipana. Haya magauni ya mikono ya kubana mnayonishonesha hayapandi juu ya kiwiko, utajikuta umevua lote. Sema mapema kama wewe ni wa shoto. Na kabla ganzi haijachomwa, mpe nesi kadi yako, mwonyeshe ule mstari mtupu wa chini, mwulize nikitaka kitoke nani atanitoa, wapi, siku gani, kisha asubiriwe aandike. Akikosa cha kuandika, pitia kwenye boksi la mlangoni ujichukulie zako, urudi siku atakapokuwa na jina.